Pua ya Binti Shomari

Zuena binti Shomari alichoma mishikaki pale kwetu Mtoni, kando ya njia inayoshuka bondeni, na kwa miaka kadhaa alichoma bila kunusa chochote. Hakuna aliyejua. Sisi tuliokula nyama yake hatukujua. Binti yake Naima, aliyelala chumba cha pili, hakujua. Hata jirani yake wa ukuta mmoja, mwalimu Apolonia, ambaye ndiye hasa aliyekuwa pua yake, naye hakujua.

Lazima nianze na baba yake, maana bila yeye hofu ya Zuena haieleweki. Mzee Shomari alichoma nyama mahali pale pale kabla barabara haijatiwa lami. Aliinunua alfajiri, ikiwa bado na joto la mnyama, na jioni ilikuwa imekwisha matumboni mwa watu. Friji hakuwa nalo wala hakulitaka. Alikata vipande vidogo vilivyolingana, akavipaka papai bichi lililopondwa, tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju na chumvi, kisha akavitunga kwenye spoki za baiskeli alizozinoa mwenyewe juu ya jiwe. Leo wanatunga kwenye vijiti vya dukani vinavyoungua kabla nyama haijaiva. Nyama yenyewe imelala kwenye friza tangu siku asiyoijua hata muuzaji. Wanaimwagia unga wa pakiti, wanaiita mishikaki, na vijana wanaipiga picha kwanza ndipo waile. Shomari alikufungia yako kwenye gazeti la jana. Kusoma nilijifunzia kwenye magazeti hayo, herufi zikiwa zimelowa mafuta, na sijapata mwalimu mwingine.

Shomari alikuwa na sheria moja: nyama ikutane na pua kabla haijakutana na kisu. Alimfundisha Zuena tangu akiwa hajui hata kufunga kanga.

"Macho yatadanganywa na ukwaju," alikuwa akimwambia, "na vidole vitadanganywa na papai. Pua haidanganywi."

Ndivyo ilivyo. Papai bichi huilegeza nyama nzima mpaka ukiibonyeza unadhani imeharibika, na ukwaju huigeuza rangi ikawa kahawia kama iliyolala. Ukishaiunga nyama ya mishikaki, umeificha isionekane wala isipapasike. Imebaki harufu tu.

Zuena aliipoteza pua yake mwaka ule wa barakoa. Aliugua homa, akalala, akapona, akamshukuru Mungu. Siku ya kwanza aliporudi jikoni, Naima aliingia mbio akipiga kelele kwamba kitunguu kinateketea. Zuena alikuwa amesimama juu ya sufuria lile lile, moshi mweusi unampita usoni, na kwake ulikuwa moshi tu, kama ukungu. Alinusa tangawizi, hakuna kitu. Akanusa mafuta ya taa, hakuna kitu. Alingoja wiki, akangoja mwezi. Wengi walioipoteza iliwarudia. Yake haikurudi.

Angeweza kusema. Lakini mchoma nyama asiyenusa ni sawa na mwadhini bubu: watu watamhurumia, kisha watamtafuta mwingine. Ile nyama ndiyo iliyokuwa unga wa nyumba, ndiyo iliyomsomesha Naima. Zaidi ya hayo lilikuwapo jina. Watu hawakusema wanakwenda kwa Zuena, walisema wanakwenda kwa Binti Shomari, na maana yake ilikuwa kwamba pua ya mzee bado ipo pale.

Basi akaipata pua nyingine, ng'ambo ya ukuta.

Apolonia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Peramiho, mama wa kijana mmoja, Lusungu, anayesoma chuo Mbeya. Kati ya nyumba zao palikuwa na ukuta mfupi wa matofali na ujia ambao wote waliupita. Kila asubuhi Zuena aliunga nyama yake pale ujiani hasa, akiwa ameinama juu ya sufuria, akingoja mwalimu apite kwenda shule. Na kila asubuhi mwalimu alisema neno.

"Mama Naima, hizi sasa fujo! Mtu anakwenda kufundisha hesabu, wewe unamjaza mate mdomoni?"

"Meza, mwalimu. Mate yako mwenyewe hayo."

"Nitakuja kukushitaki kwa padri."

"Njoo naye, nitamchomea."

Wakacheka, mwalimu akaenda zake, na Zuena akapumua. Lile neno la asubuhi ndilo lililokuwa ruhusa yake. Siku moja mwalimu alipita akasema, "Leo vipi, kama kuna kitu kimechacha hapa?" Zuena akajibu kwamba ni maganda ya ukwaju, na mwalimu alipokata kona, aliibeba nyama yote akaifukia nyuma ya choo, akawaambia wateja anaumwa kichwa. Hivyo ndivyo alivyoishi. Kila usiku alilala na swali, na kila asubuhi alijibiwa na mtu asiyejua kwamba ameulizwa.

Mwaka huu ninaousimulia, Ramadhani na Kwaresima viliingia pamoja. Mwalimu alijiwekea nadhiri ya kutogusa nyama mpaka Pasaka, lakini hilo halikumtia Zuena wasiwasi. Alihitaji anuse, si ale.

Sasa niseme kuhusu baraza. Zamani Mtoni nzima ilifuturu nje. Kila nyumba ilitoa sinia lake, mikeka ikaunganishwa, na mpita njia aliyekutwa na adhana alivutwa mkono akae, awe Mwislamu asiwe Mwislamu. Siku hizi watu wanafunga mageti na kufuturu mbele ya televisheni, kila mtu na bakuli lake kama mgonjwa. Barazani kwa Mzee Abdulrahman tu ndipo mkeka ulipobaki. Yeye alitoa uji wa pilipili manga na tende, nyumba nyingine ilileta muhogo wa nazi, nyingine maharage. Ijumaa ilikuwa ya Zuena. Ijumaa watu walikuwa wengi, na wengi wao wazee, kwa sababu ya nyama yake.

Na futari ina jambo moja ambalo Zuena hakuwahi kuliwaza mpaka Ijumaa ile. Chakula cha siku nyingine kinaonjwa: mpishi anaonja, mtoto anadokoa, mteja wa kwanza anakula wa pili akimtazama. Chakula cha futari hakijaonjwa na mtu. Mkeka mzima unangoja, adhana inalia, na mikono yote inakwenda kwa pamoja.

Alhamisi alinunua nyama jioni, kwa sababu Ijumaa ile bucha lilikuwa limechukuliwa lote na watu wa arusi. Akaiunga, akaitia kwenye friji. Usiku umeme ukakatika. Alipoamka kula daku taa zilikuwa hazijarudi, na maji kwenye chupa za frijini yalikuwa ya vuguvugu kama ya kuogea mtoto. Akalifunga friji upesi, kana kwamba kulifunga kungesaidia.

Kulipopambazuka alilitoa sufuria, akaliweka ujiani, akafunua kifuniko. Nyama ilikuwa laini. Papai. Ilikuwa kahawia. Ukwaju. Juu palikuwa na povu jembamba, na hilo hakujua ni la nini. Akainama pale akingoja mlango wa jirani.

Mwalimu alitoka mbio, vitabu kifuani.

"Habari za asubuhi, Mama Naima."

"Nzuri, mwalimu. Mbona kama unafukuzwa?"

"Nimechelewa. Na mchana usinitegemee, nikitoka shule napitiliza kanisani, leo Njia ya Msalaba."

Akapita. Alipofika usawa wa sufuria alivuta mtandio wake akaupeleka usoni, akakata kona. Hakusema neno.

Zuena alibaki ameinama. Neno halikusemwa. Labda kwa sababu amechelewa. Mtandio, labda kwa sababu ya vumbi, maana wafagiaji walikuwa wamekwisha pita barabarani. Labda kwa sababu ya nadhiri, hataki kujitamanisha. Kila labda ilikuwa na akili yake, na hakuna hata moja iliyompumzisha.

Akamwita Naima. Naima alikuwa na mimba changa, amerudi kwa mama yake mpaka atulie, na hakuwa amefunga.

"Hebu njoo hapa mara moja. Nyama hii unaionaje?"

Naima hakufika hata hatua ya tatu. Aliziba pua, akageuka, akatapika kwenye maua.

"Inanuka, mama! Iondoe, inanuka!"

Zuena akalifunika sufuria. Lakini jana yake Naima alitapika kwa harufu ya sabuni ya kufulia. Juzi yake kwa harufu ya wali. Alikuwa ameufukuza hata mto wa mume wake. Pua ya mwenye mimba ni sawa na shahidi anayesema ndiyo kwa kila swali.

Zuena akamtupia paka wa jirani kipande. Paka alikijia, akakinusa, akarudisha kichwa, akaondoka amekunja mkia. Hilo nalo halikuwa jibu: paka gani anakula tangawizi na ukwaju?

Utauliza kwa nini hakumwita mtu mwingine yeyote akamwambia, "Nina mafua, hebu ninusie." Anayeuliza hivyo hajui mtaa wetu. Neno "ninusie" likitoka kinywani mwa mchoma nyama ni tangazo. Kabla ya adhuhuri lingekuwa limefika mpaka kituo cha mabasi kwamba Binti Shomari anachoma vibudu. Aliibeba nyama hadi kwenye shimo la taka. Akasimama. Ikiwa ni nzima, je? Kumwaga chakula kizima mwezi wa Ramadhani ni kufuru, nyingine hakuwa na uwezo wa kuinunua, na barazani wangeuliza iko wapi. Akarudi nayo.

Ndipo lilipomjia lile wazo. Kama pua imekufa, tumbo liko hai. Mtu mmoja ale sasa, asubuhi, angojewe mpaka magharibi. Mtu huyo hakuweza kuwa mwingine.

Nimezungumza naye baadaye sana kuhusu saa ile, na alichoniambia ni kwamba hakuogopa sumu. Aliogopa Ramadhani. Tangu abalehe hakuwahi kula mchana wa mwezi ule isipokuwa kwa udhuru wa kike na mwaka aliomzaa Naima. Sasa alikuwa mtu mzima, udhuru ulikwisha mkoma, afya anayo, na alikuwa anakwenda kuifungua saumu kwa makusudi na kwa nyama. Alitia mkaa kidogo, akamwambia Naima anaujaribu kama umekauka, akachoma mishikaki miwili. Akaingia nayo ndani ya banda la jiko, akavuta pazia la gunia.

"Mola wangu, wewe unajua," akasema, akauma.

Ulimi ulimpa chumvi. Ulimpa uchachu. Basi. Uchachu wa ukwaju au wa nyama iliyochacha, ulimi peke yake haujui. Alitafuna kipande cha kwanza, cha pili, akaona vichache havitatosha kuwa ushahidi, akaendelea.

Pazia likafunuliwa.

Alikuwa Sadallah, fundi baiskeli, ambaye kila alipofumua gurudumu bovu alimwekea Zuena spoki nzuri nzuri. Alikuja nazo zimefungwa kwa mpira. Alimkuta Zuena, aliyezoea kumwita dada, mwanamke anayewakemea vijana wanaovuta sigara mchana wa Ramadhani, ameshika mshikaki, shavu limejaa.

Zuena hakuweza kumeza wala kutema.

"Nimeleta spoki," Sadallah akasema mwishowe. Akaziweka chini polepole kama mtu anayeweka kitu karibu na nyoka. "Astaghfirullah," akajisemea, akaondoka.

Kilichofuata ni kungoja. Alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Alisikia hotuba ya Ijumaa kwenye vipaza sauti na hakushika hata sentensi moja, kwa sababu alikuwa anasikiliza tumbo. Liliponguruma alishika ukuta. Liliponyamaza aliogopa zaidi. Baada ya adhuhuri jasho lilimtoka, mate yakamjaa, akajua ndiyo hii. Yakapita. Akajua siyo. Yakarudi. Alikuwa amesahau jambo moja katika hesabu yake, kwamba tumbo la mwoga na tumbo la aliyekula kibovu huuma sawasawa. Sasa hata tumbo lilikuwa limemkimbia.

Baada ya alasiri akawasha jiko, kwa sababu mikono ilizoea. Moshi ulipanda, wapita njia wakageuza vichwa.

"Leo patamu, Binti Shomari!"

"Mtatuua na swaumu zetu!"

Zamani maneno hayo yangemfurahisha. Sasa aliwatazama pua zao, kama kuna inayokunjamana, na alijua vilevile kwamba hiyo si dalili. Mafuta yakidondoka kwenye mkaa, hata mzoga unanukia vizuri.

Naima akatoka ndani, amefunga kanga kifuani, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama, ajabu. Ikishaungua hainitapishi. Nipe mmoja, mjukuu wako anautaka."

Akanyoosha mkono, akauchukua mshikaki pembeni mwa jiko. Zuena aliupiga ule mkono kwa nguvu zake zote. Spoki iliruka, ikatua mchangani.

"Mama!"

"Si yako! Ni ya barazani!"

"Mmoja tu, mama? Mmoja?"

Naima aliushika mkono wake, machozi yamemlenga, hajawahi kupigwa na mama yake tangu alipokuwa darasa la tatu. Zuena alikuwa anautazama mshikaki mchangani. Amemnyima mtoto wake. Sasa anawapelekea kina nani?

Hata hivyo alipanga sinia. Alifunika kawa, akajitwika, akaenda. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe.

Barazani tulikuwa tumekwisha jipanga. Habari ilikuwa imemtangulia. Sadallah, kusema kweli, hakuitangaza. Alimwambia mtu mmoja tu, lakini mtu huyo alikuwa Salumu, dereva wa bodaboda, na kumwambia Salumu ni kuwaambia abiria wote.

"Shikamoo, Mzee," Zuena alisema, akaliweka sinia katikati.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Abdulrahman alijibu.

"Karibu, dada," Salumu akasema. "Sie tunangoja adhana. Sijui wewe mwenzetu ulisikia ya msikiti gani, iliyolia saa nne asubuhi."

Wawili watatu wakaguna. Sadallah aliangalia miguu yake. Zuena alisimama pale pale, na mimi niliyekuwa ubavuni mwa Mzee niliona midomo yake imekuwa myeupe.

"Salumu," Mzee akasema.

"Naam, Mzee."

"Marehemu bibi yako alikuwa akila mchana wa Ramadhani?"

"Hapana, Mzee."

"Nilimkuta mie mwenyewe, zaidi ya mara moja. Na baba yako, na baba yangu, waliwakuta wake zao, wakajifanya vipofu. Mwanamke ana udhuru wake, na mwanamume mwenye adabu haulizi. Sie ndivyo tulivyolelewa. Nyinyi mmelelewa na simu." Akamgeukia Zuena. "Kaa, binti Shomari. Hatukusikia kitu, wala hatukuona kitu. Nyama yako tutaila."

Kila mtu pale alijua umri wa Zuena. Lakini mzee alikuwa amemtupia shuka, na shuka ile ilitosha kumfunika yote: saumu aliyoila, pua iliyokufa, friji, umeme. Alitakiwa akae tu, anyamaze. Ile ndiyo adabu ninayoililia mpaka leo, na Mungu ni shahidi wangu kwamba sijawahi kuiona ikifanywa vizuri kama jioni ile. Mzee akafunua kawa kwa mkono wake. Mishikaki ilikuwa inang'aa. Mikono ilianza kusogea kwenye magoti, tayari. Jua lilikuwa limezama, tukawa tunasikiliza kipaza sauti kikikwaruza, kile kikohozi cha mwadhini kabla hajaanza.

"Msile," Zuena akasema.

Hakuna aliyesikia vizuri.

"Msile! Sina udhuru wowote. Nilikula ili nijijaribu. Pua yangu imekufa, Mzee, tangu mwaka ule wa homa. Sinusi. Umeme ulikatika usiku kucha na nyama hii sijui kama ni nzima. Sijui! Naima nimemnyima. Msile!"

Adhana ikalia.

Tulikunywa maji. Tulitia tende mdomoni, kwa sababu lazima, na hakuna aliyeinua macho. Mkono wa Salumu ulikuwa umebaki nusu ya njia, umening'inia juu ya sinia kama wa mtu aliyepigwa picha. Wapo waliokwisha kumbuka Ijumaa zote zilizopita, niliweza kuwaona wakizihesabu tumbo kwa tumbo.

"Miaka yote hiyo?" mmoja akauliza. "Tunakula kwa bahati?"

Zuena alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, barabarani. Mwalimu Apolonia alikuwa anapanda mlima kutoka kanisani, kitenge cha zambarau, rozari bado mkononi.

"Mama Lusungu!" Zuena alimwita kwa sauti ambayo sikuijua. "Njoo, nakuomba. Njoo unuse."

Mwalimu alifika, akatusalimu, akatutazama mmoja mmoja, akidhani kuna msiba. Zuena akamwelekeza sinia.

Mwalimu aliinama. Alinusa mshikaki, akatikisa kichwa. "Hii inanuka moshi tu, Mama Naima. Siwezi kusema." Kisha akalitazama sinia tena. "Ni ile ya asubuhi? Ya kwenye sufuria?"

"Ndiyo hiyo."

Mwalimu aliweka mkono kifuani.

"Asubuhi niliziba pua. Nilipita pale nikaziba pua, nusura nitapike. Nikasema labda ni mtaro, labda nyama. Nikaona aibu. Mtu amefunga, asubuhi na mapema, nimwambie chakula chake kinanuka?" Akamgeukia Zuena. "Nikasema nitamwambia kesho kwa taratibu. Mungu wangu, Mama Naima, nilijua wewe unanusa! Nani angemfundisha Binti Shomari kunusa nyama?"

Mzee Abdulrahman alilivuta kawa akafunika sinia, polepole sana.

Zuena aliketi. Hofu ya kutwa nzima ilikuwa imepata jibu, na jibu lilikuwa tumboni mwake tangu saa nne.

"Umekula ngapi?" Sadallah akamuuliza.

"Mmoja na nusu. Ulipofika ndio nikaacha."

"Basi nilikuja vizuri," Sadallah akasema, akajaribu kucheka. Muhogo na maharage vilibaki havijaguswa. Tulikaa kumtazama, watu wazima wote wale, kama watu wanaotazama chungu wakingoja kichemke. Mwalimu alimshika mkono. Kabla ya isha Zuena aliinama mbele, akasema neno moja tu, "Tayari," na Salumu, aliyemkejeli, ndiye aliyempakia kwenye pikipiki yake, mwalimu nyuma akimshikilia, wakampeleka zahanati.

Alilazwa na dripu. Ilikuwa hali mbaya, kisha ikawa mbaya zaidi, kisha akapona, mwembamba kama spoki zake. Daktari alisema kwa mzee wa umri wa Abdulrahman ingekuwa habari nyingine. Mzee aliisikia hiyo, na tangu siku hiyo sijamsikia akimwambia mtu kwamba mwenye adabu haulizi. Sijui afadhali ipi. Adabu ile ilikuwa nusura ituzike mkeka mzima, nami bado naitamani.

Zuena amerudi jikoni. Nusu ya wateja walikwenda kwa wale wa vijiti vya dukani na nyama ya friza, wakidhani huko kuna usalama. Tuliobaki tunakula kwa utaratibu mpya. Friji limeuzwa, nyama ni ya alfajiri kama enzi za Shomari. Kwenye ujia pana kigoda cha mwalimu. Kila asubuhi kabla ya shule anakikalia, sufuria linafunuliwa mbele yake, ananusa, na anatakiwa aseme. Hakuna tena mzaha wa mate na padri. Anasema "nzima" au anasema "hapana," na jioni Zuena anawaambia watu kwa sauti mwalimu alivyosema.

Juzi nilipita pale mapema. Mwalimu alikuwa kigodani, ameinama juu ya sufuria, na Zuena amesimama mbele yake ameshika kifuniko kwa mikono miwili. Mwalimu alinusa. Akanusa tena. Kifuniko kilianza kugonga ukingo wa sufuria, ta, ta, ta, na Zuena hakuwa anakiona, alikuwa anaitazama midomo ya mwenzake.

"Nzima," mwalimu akasema. "Samahani, dada. Nilikuwa nataka kuwa na hakika."

Zuena hakupumua bado.

"Nusa tena," akamwambia.